Bustani Iliyokuwa na Bibi Ndani Yake

Siku mliyoniaga mlinipa daftari lenye jalada gumu mkaniambia, "Mzee Yona, hicho kichwa usiondoke nacho kikiwa kimejaa, tumwagie humu." Niliwajibu kwamba kilichojaa humu ni vumbi la Singida, na nyie vumbi hamjawahi kupungukiwa. Lakini nikilirudisha tupu mtasema mzee hakujua kuandika. Na mimi elimu ya kuandika sikuirithi, niliifuata mwenyewe darasa la jioni nikiwa na mke, watoto watatu na goti bovu. Kwa hiyo naandika.

Vyeo sitavisimulia. Nimepanda vilima vingi kuliko vyeo, na mshahara kila mtu anajua wake unavyoishia. Nitawasimulia kazi.

Niliingia Idara ya Ardhi na Mipango Miji nikiwa mshika mkanda. Maana yake ni kwamba mpima anasimama na chombo chake pale juu, wewe unashika ncha ya mkanda wa chuma unatembea mpaka uambiwe simama. Ukikuta miba, unatembea. Ukikuta mbwa, unatembea haraka. Nilikuwa nimetoka Kilimatinde, ambako ni kilimani na nilidhani upepo naujua. Siku ya kwanza upepo wa hapa mjini ulinivua kofia, ukainyanyua, na kwa hesabu zangu iliangukia mbali kule Mtinko. Siku ya pili ulichukua karatasi ya vipimo. Siku ya tatu nilifunga kila kitu kwa kamba, na mimi mwenyewe nikajifunga kwenye mguu wa theodolaiti, kile chombo cha mpima. Mpima akanitazama muda mrefu, akasema, "Kijana, hicho chombo ni cha serikali. Mkiruka, mtaruka wote wawili."

Huyo mpima alikuwa Mzee Kitiku, Mnyaturu mwembamba kama miguu ya chombo chake, na ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Kwa kuwa mimi ni Mgogo alinitania tangu asubuhi mpaka jioni, na kwa kuwa yeye alikuwa mkubwa nililipa kidogo kidogo, kwa adabu. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha serikali: hupimi nyumba mpaka unywe maji yake. Tukifika, anapiga hodi, anasalimia, anaomba maji. Tunaletewa kata, tunakunywa wote. Nyumba inayofuata, vilevile. Saa sita mchana matumbo yetu yalikuwa yanacheza kama mapipa kwenye lori, na kazi ilisimama kila baada ya robo saa mtu aende nyuma ya jiwe.

Nilimuuliza, "Mzee, si tupime tu tuondoke?"

"Ukinywa maji unajua mambo mangapi?"

"Najua kiu imeisha."

"Mgogo wewe. Unajua nani yuko nyumbani. Unajua kama kuna mgonjwa, maana mtoto ndiye atakayeleta. Yakiwa ya chumvi, unajua kisima chao kibaya. Yakichelewa, unajua bomba liko mbali. Hayo yote utayaona kwenye mkanda?"

Miaka kadhaa baadaye nilimaliza darasa la jioni. Tulisomea shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa usawa wa masikio. Mwalimu wa hisabati alikuwa na umri mdogo kuliko viatu vyangu. Nilipofaulu nilihamishiwa ndani, chumba cha kuchora ramani, na hapo ndipo nilipokutana na zana ninayoiheshimu kuliko zote: wembe. Tulichora kwa wino kwenye karatasi nyepesi ya kupitisha mwanga. Ukikosea hufuti. Unachukua wembe, unakwangua polepole kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga, mpaka wino utoke. Lakini karatasi inabaki na kovu. Ukiinyanyua dirishani, kila mtu anaona hapa mchoraji alibadili mawazo. Kovu lile lilitutia adabu. Kabla ya kukwangua nyumba ya mtu, mkono wenyewe unakuuliza mara mbili.

Sasa nakuja kwenye kesi ambayo mmekuwa mkinichokoza nayo kila mnapokunywa chai. Mnaisimulia vibaya, mnasema mkuu wa idara alitumbukia. Hakutumbukia.

Ulikuja mradi wa kuboresha mitaa ya kati ya mji. Mitaa hiyo mnaijua: ya zamani, imebanana, katikati kabisa ya huduma zote, na kila tajiri akiitazama anaona maghorofa. Nia ya mradi ilikuwa nzuri, na naisema kwa moyo: mji ukue pamoja na waliokuwemo, si ukue kwa kuwasukuma nje. Wapimiwe viwanja palepale walipo, wapewe hati, wachongewe barabara, wachimbiwe mitaro. Mtaa wa kwanza ulikuwa Jiweni, ulio kwenye mteremko wa mawe makubwa. Jiwe moja pale lina ukubwa wa kanisa, na napunguza.

Wakati huo tulikuwa tumeletewa afisa mipango miji mpya, binti anaitwa Neema, ana akili mpaka unaona aibu kukaa naye karibu. Neema alikuja na droni. Ilirushwa asubuhi moja ya msimu wa mavuno, ikavuma juu ya Jiweni. Kuku wote wakadhani ni mwewe, wakaingia uvunguni, na wengine nasikia hawajatoka mpaka leo. Kufikia saa nne tulikuwa na picha ya mtaa mzima kwenye kompyuta. Kazi ambayo mimi na Mzee Kitiku tungeifanya kwa mwezi na mapipa mawili ya maji. Nilipewa kuchora juu ya picha ile, kwa sababu mkono wangu bado ulikuwa mzuri. Nilikaa kwenye kiti, nikanywa chai ya ofisini, nikachora nyumba moja baada ya nyingine. Hodi sikupiga popote.

Niliona mambo ya kufurahisha. Upande wa chini wa mtaa kulikuwa na nyumba kumi na nne za bati la bluu, zimejipanga kwa mstari ulionyooka. Nikasema, hatimaye Jiweni wameanza kujenga kwa ustaarabu. Moja ilikuwa na kitu cheusi juu ya paa, nikachora bomba la moshi. Na upande wa juu, chini ya lile jiwe la kanisa, kulikuwa na uwanja mzuri mtupu wenye nyasi kavu na mbuzi mmoja. Vijia vitatu vilikuja kutoka pande tatu vikaishia katikati ya uwanja ule. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza watu wanakwenda kufanya nini katikati ya uwanja mtupu. Mimi nilijijibu kwamba wanakwenda kupumzika. Nikaupaka rangi ya kijani, nikaandika kwa herufi nzuri: Bustani ya Kupumzikia.

Neema alifurahi. Masharti ya mradi yalikuwa kwamba mtaa usio na eneo la wazi haupati barabara. Mkuu wa idara, Bwana Mhando, alifurahi zaidi, maana alikuwa mpenzi wa bustani na hakuwahi kupata ya kwake. Mchoro ukabandikwa kwenye ofisi ya mtendaji wa mtaa ili wananchi watoe maoni, na baraza la madiwani lilikuwa liupitishe Ijumaa ya wiki ya pili.

Jumatatu ya wiki hiyo ya pili akaingia ofisini bibi mmoja mfupi, amejifunga kanga mbili, ana kikapu. Wote tukasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimefuata nyumba yangu."

"Imefanya nini, bibi?"

"Mimi ndiyo nawauliza nyie. Mjukuu wangu amesoma lile likaratasi lenu nyumba kwa nyumba. Pa Mama Eliza papo. Pa Sefu mwenye gesti papo. Choo cha Sefu kipo, kimepewa na namba. Pangu hapapo. Mmepapeleka wapi?"

Aliitwa Bibi Hadija. Neema akamvutia kiti, akamgeuzia kompyuta, akamwomba aonyeshe. Bibi aliisogelea ile picha karibu mpaka pua ikagusa kioo. Alichukua muda. Kisha akaanza kutembeza kidole.

"Hili ndilo jiwe letu. Hii njia ya bombani. Hii ya msikitini. Hii ya kwa marehemu shoga yangu. Na hapa," akagonga kioo, "ndipo kitanda changu."

Kidole kilikuwa katikati ya kijani.

"Bibi," Neema akasema taratibu, "hapa kwenye picha hakuna nyumba. Kuna nyasi."

"Nyasi zipo juu. Mimi nipo chini. Mjukuu wangu, wewe hujawahi kuona tembe?"

Pale moyo wangu uliteremka mpaka kwenye soksi. Tembe. Nyumba ya wazee wetu, ya miti na udongo, paa lake bapa limesakafiwa kwa udongo. Mvua ikinyesha linaota nyasi, kiangazi zinakauka, na ukiangalia kutoka juu ni ardhi tupu. Kila mtoto wa mkoa huu anajua, mimi nimezaliwa ndani ya moja. Na hii ilikuwa imejengwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma umeegemea kilima, kwa hiyo hata kivuli cha upande huo haikuwa nacho.

"Na hayo mabaka ya njano?" Neema akauliza.

"Maboga yangu, nimeyahifadhi huko juu darini. Huyo mbuzi si wangu, wa Sefu. Hana adabu."

Neema akanigeukia. "Mzee Yona, sehemu hii alichora nani?"

Nilifikiria kusema kompyuta. Vijana wote husema kompyuta. Lakini jina langu lilikuwa pale chini pembeni, kwa herufi nzuri.

"Mimi."

Bibi Hadija akanikagua kuanzia kichwani. "Mtu mzima kabisa," akasema. Kisha akaweka kikapu sakafuni, akatoa viazi. "Basi shikeni kalamu mnirudishe. Mimi nasubiri."

Tukaingia kwa Bwana Mhando. Alikuwa mtu mwema, tatizo lake haraka. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Picha haidanganyi, Yona. Imepigwa kutoka juu."

"Ndiyo tatizo lenyewe, mkuu. Bibi anaishi chini."

"Kuna mtu mwingine aliyeleta pingamizi?"

"Hakuna."

"Haya nisikilize. Ukimtoa bibi kwenye bustani, bustani inakwenda wapi? Jiweni yote imebanana, hakuna pa kuweka hata kiti. Bila eneo la wazi hakuna barabara, hakuna mtaro. Mtaa mzima ukae kwenye matope kwa ajili ya nyumba moja ambayo hata droni haiioni?"

Nawaambieni ukweli, jibu halikuwa jepesi. Mvua zikija, Jiweni watoto wanavuka mfereji kwa kubebwa. Barabara ile ilikuwa haki yao.

"Atafutiwe kiwanja Mwankoko, kule pembeni ya mji," akamalizia. "Kule kuna hewa."

Jioni ile nilimsindikiza bibi mpaka kwake. Majirani walikuwa wameshasikia kwamba nyumba moja inaweza kuzuia barabara, na mmoja akapaza sauti kutoka kibarazani. "Bibi, si uende tu Mwankoko? Wanasema kuna viwanja vizuri."

"Kama ni vizuri, tangulia. Utanipokea mizigo."

Nikainama, nikaingia. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri ambao hakuna nyumba ya bati itakupa. Aliniletea kata ya maji kabla sijaomba, nikanywa huku nikijiona mjinga kwa miaka yote ya utumishi. Alinieleza kwamba alizaliwa palepale, enzi hizo Jiweni ni mashamba ya uwele. Hakuhamia mjini. Mji ndio uliohamia kwake, na wala haukubisha hodi.

"Nikienda Mwankoko," akasema, "nani ananijua? Hapa nikikohoa mara mbili Mama Eliza amefika. Kule nitakohoa mpaka lini?"

Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani, wala si udongo na miti. Nikamwambia kesho nitamleta mkuu. Sikumwomba afanye chochote, mniamini msiniamini. Nilimwambia tu awepo.

Asubuhi nilimwendea Bwana Mhando. "Mkuu, Ijumaa madiwani watakuuliza viti vya bustani vinatazama upande gani. Twende ukaione." Akachukua kofia hapohapo. Tukaenda yeye, mimi na Neema, na kwa kuwa gari halishuki Jiweni tuliliacha juu, tukateremka kwa miguu kupitia nyuma ya lile jiwe.

Ukitokea upande huo, kilima na dari la tembe ni kitu kimoja, hakuna hata ngazi. Unatembea kwenye nyasi, unaendelea kutembea kwenye nyasi, umeshafika juu ya nyumba ya mtu. Bwana Mhando akafika katikati, akavuta pumzi, akaweka mikono kiunoni.

"Yona, mahali pamenyooka hapa. Hapa tunaweka viti viwili. Pale mti wa kivuli. Watoto wanacheza huku." Akagonga mguu chini mara tatu kupima uimara. "Ardhi nzuri, ngumu."

Sauti ikatoka chini ya viatu vyake.

"Nyie mlio juu ya nyumba. Mnaniangushia udongo kwenye uji."

Bwana Mhando alisimama kama bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanitazama mimi, nami nikawa natazama mawingu. Ikabidi afanye jambo moja tu ambalo malezi yake yalimruhusu. Akainamia nyasi, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mkuu wa Idara ya Mipango Miji."

"Haya, teremkia kushoto. Kulia boriti limeoza."

Hapo ndipo nyie mnaposema alitumbukia. Aliteremkia kushoto, mzima, polepole, akihesabu hatua kama mtu anayevuka mto. Bibi Hadija alikuwa mlangoni na kibakuli. Bwana Mhando alipoinama kuingia aligonga kichwa kwenye kizingiti, nyumba yote ikasikia, na akakalishwa kwenye kigoda.

"Kunywa," bibi akamwambia. "Udongo umeutia mwenyewe."

Akanywa. Alikunywa wote, Neema ni shahidi. Kisha akatazama maboriti, moja baada ya jingine, na lile la kulia alilitazama muda mrefu zaidi.

"Bibi, mmekaa humu miaka mingi?"

"Sisi tumekaa. Nyie ndiyo mmepita juu."

Tulipotoka nje hakusema tena picha haidanganyi. Alisema, "Sawa, nyumba ipo. Sasa niambieni bustani ipo wapi, maana mpaka Ijumaa nahitaji vyote viwili." Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli.

Neema alikuwa ameshika mchoro wetu, anaugeuza geuza. "Mkuu," akasema, "kama nyumba iliyopo haikuonekana, mimi sasa sina imani na zinazoonekana. Twende kwenye yale mabati ya bluu."

Tukateremka mpaka chini ya mtaa, kwenye zile nyumba zangu kumi na nne za kistaarabu. Tukafika. Palikuwa na uwanja. Uwanja mkubwa, umefagiwa, mtupu, kuku wanne na akina mama watatu wanapeta.

"Nyumba zilizokuwa hapa ziko wapi?" Neema akauliza.

"Nyumba gani, mwanangu?" akajibu mmoja. Ndiye Mama Eliza.

Neema akamwonyesha picha kwenye simu yake kubwa. Mama Eliza akaipokea, akaitazama, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Akawapa wenzake, nao mabega yakaanza.

"Haya ni maturubai," akasema. "Siku ile ya ndege yenu tulikuwa tumeanika alizeti. Hapa ndipo pa kuanikia, mtaa mzima, tangu zamani. Hili la tatu ni langu. Hili tundu walilipiga panya."

Neema akaangalia mchoro, kisha akaniangalia mimi. Tundu la panya ndilo bomba la moshi. Nililichora hata na kivuli.

Hapo tungecheka tukamaliza, lakini akatokea Bwana Sefu mwenye gesti, amebeba bahasha, anatembea kwa haraka ya mtu aliyeambiwa wakubwa wamefika. Alikuwa ameusoma mchoro kuliko sisi tuliouchora. Aliona nyumba kumi na nne hazina mwenyewe aliyejitokeza, na huruma ikamshika. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu kumi na moja za kuomba hati, zimejazwa vizuri.

"Mkuu, karibu. Hizi hapa ni zangu."

"Nyumba hizi?" Bwana Mhando akauliza.

"Kumi na moja tu. Tatu sizitambui."

"Zipo wapi?"

Bwana Sefu akatazama uwanja kana kwamba na yeye anashangaa. "Kwa sasa," akasema, "ziko kwenye mchakato."

"Mchakato wa kujengwa au wa kubomolewa?"

"Yote mawili, mkuu."

"Bwana Sefu," Mama Eliza akaingilia, "kama ya tatu ni yako, njoo uzibe tundu. Na ukihamia nishtue, nitoe alizeti zangu sebuleni."

Kuku walikimbia kwa kicheko kile. Bwana Sefu akarudisha fomu kwenye bahasha, moja moja, kwa heshima zote, akaulizia kama kuna mtu amemwona mbuzi wake.

Bwana Mhando akazunguka uwanja ule kwa hatua, kama tulivyokuwa tukifanya zamani, upande huu kisha upande ule. Ulitosha. Ulizidi hata. Bustani yetu ilikuwepo siku zote, imefagiwa na wenyewe, sisi tukaijengea nyumba kumi na nne. Akasema, "Andika bustani hapa."

"Ngojeni kwanza," Mama Eliza akasema, safari hii hachezi. "Mkiita bustani, mtaweka viti, mlinzi na kamba, mtatukataza kuanika. Tutakula viti?"

Naomba hapa msome polepole, vijana. Tulitaka kumfukuza bibi kwa ajili ya eneo la wazi, na nusu saa baadaye tulikuwa tunataka kuwafukuza akina mama kutoka kwenye eneo la wazi kwa ajili ya eneo la wazi. Nimefanya kazi hii tangu enzi za mkanda wa chuma, na nimeona kwamba rangi ya kijani kwenye ramani hupenda sana kuangukia kwa mtu ambaye hana bati. Sijawahi kuona imeangukia gesti.

Bwana Mhando akakuna kile kichwa kilichogonga kizingiti. "Kwenye orodha ya rangi zetu hakuna rangi ya kuanikia alizeti."

"Njano ipo," Neema akajibu. "Hatujaitumia."

Tukarudi ofisini. Nikaketi kwenye kompyuta, nikafuta nyumba kumi na nne kwa kubonyeza mara moja. Mara moja tu, zikaenda, na pale zilipokuwa pakabaki safi kabisa, hakuna kovu. Niliogopa kidogo. Nikachora uwanja wa njano, nikaandika: Eneo la Wazi la Mtaa, Kuanika Mazao na Michezo. Kisha nikapanda upande wa juu wa mchoro, chini ya jiwe, nikafuta bustani yangu, nikachora tembe la Bibi Hadija ukuta kwa ukuta kwa vipimo nilivyorudi kuvichukua kwa mkono, na vijia vyote vitatu vikaishia mlangoni kama inavyopasa. Boriti lililooza sikulichora, lakini alasiri ya Alhamisi tulikwenda na vijana wawili tukalibadilisha. Bwana Mhando ndiye aliyeleta mti mpya wa boriti.

Ijumaa diwani mmoja aliuliza njano ni nini. Bwana Mhando akasimama, akaeleza alizeti kwa robo saa, na wakapitisha. Barabara ya Jiweni mnaipita. Mtaro ule watoto wanauruka wenyewe. Sijasema kila kitu kilinyooka: wapo waliouza viwanja vyao mara tu hati zilipotoka, wakaondoka, na hakuna mradi uliopata dawa ya hilo. Hiyo ni kazi yenu nyie mnaobaki.

Mwezi mmoja kabla ya kustaafu nilipita kwa Bibi Hadija kumpelekea nakala ya ramani yenye jina lake. Nilitokea upande wa jiwe, kwa tahadhari, nikasimama kwenye ukingo wa dari. Katikati ya nyasi, kati ya maboga, kulikuwa na bati moja. Moja tu, limepakwa rangi ya bluu inayong'aa, limelazwa juu ya udongo na kukandamizwa kwa mawe manne. Halikuezeka kitu chochote.

Nikateremkia kushoto, nikamkuta mlangoni anachambua mboga, nikamsalimia. Nikamuuliza kama paa limeanza kuvuja, maana bati moja katikati halizuii mvua.

"Mvua ya nini?" akasema. "Mvua inanijua. Lile nimewawekea nyie na ndege yenu."